Mwanamke Aliyekula Senene

Jumapili, 10 Oktoba 1971

Padre amenijia nyumbani leo na Komunyo, kwa kuwa kilima cha kanisa kimenishinda tangu Agosti. Miguu imevimba, na nikilala chali pumzi inakatika. Mganga wa zahanati amenieleza bila kuzunguka kwamba moyo umechoka na dawa zake ni za kunipunguzia tu. Nina miaka sabini na minane. Sikuona sababu ya kubishana naye.

Kabla ya Komunyo niliungama. Hasira, kiburi cha mtu aliyesoma seminari, uvivu wa kusali. Kisha nikaungama hadithi.

"Hadithi gani?" Padre akauliza.

Nikamwambia. Zamani, nilipokuwa mwalimu mkuu, niliandika kwa Kiswahili kitabu cha ngano zetu za Kihaya kwa ajili ya darasa la tatu. Misheni ikakipiga chapa, na mpaka leo shule zetu zinakisoma. Humo imo ngano ya mwanamke aliyekula senene. Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba mwanamke huwaokota senene, panzi wa msimu wa mvua, huwanyonyoa mabawa na miguu, huwakaanga, kisha huwaweka mbele ya mumewe. Yeye mwenyewe hali. Bibi yangu alinisimulia kwamba mwanamke mmoja alikula kwa siri, akazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Bibi hakumtaja jina wala kwao. Mimi nilipoandika niliona hadithi imepungukiwa. Nikamfanya mwanamke huyo mtu wa kisiwani, mlafi, mchafu, mwenye mkono mrefu. Nikaongeza na wimbo wa watoto wa kumzomea. Nilijua wasomaji wangu wa huku nchi kavu watacheka, na walicheka.

Padre alicheka pia. "Mwalimu, hizo ni hadithi za watoto. Sali Baba Yetu mara moja."

Nimeisali. Mke wangu Theopista alikuwa nje ya mlango akichambua maharage, na masikio yake hayajazeeka. Padre alipoondoka akaingia na ungo wake.

"Umemwomba radhi Mungu," akasema. "Mungu alizomewa na nani?"

Ng'ambo ya mpaka wa kibanja chetu, nyuma ya migomba, anakaa Jovita, mke wa Anatory. Amezaliwa kisiwa cha Bumbire. Binti yao Immakulata ana miaka saba, na kichwa chake ni kirefu, kimechongoka kwa nyuma.

Jumatano, 13 Oktoba

Mvua asubuhi hadi jioni. Nimekunywa uji.

Jumanne, 19 Oktoba

Jovita ameniletea dagaa waliotumwa na kaka zake. Ni mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele yake mlangoni. Immakulata alikuwa nyuma yake, amejifunga kitambaa kichwani kama mwanamke mzima, na jua hakuna.

"Mpe Mwalimu mkono," mama akamwambia.

Akanipa, akapiga goti. Nikamwuliza ataanza shule lini.

"Januari, Tata, lakini sitaki," akasema, akiniita baba kama watoto wote wa hapa.

"Kwa nini?"

Akamwangalia mama yake. Jovita ndiye aliyejibu, kwa upole na kwa waitu ya heshima, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. "Anasikia wanavyoimba wakitoka shule, waitu."

Mimi pia nawasikia. Barabara inapita chini ya dirisha langu.

*Mama kala nini?*
*Senene jikoni.*
*Katoka wapi?*
*Katoka kisiwani.*

Mizani niliipima mimi mwenyewe kwa vidole, mezani, nikafurahi ilipokubali.

Jumamosi, 30 Oktoba

Georgina, mama yake Anatory, alikuja kunijulia hali. Ni mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kengele. Hakuuliza habari ya miguu yangu. Alikuja kusema habari ya mkamwana wake.

"Msimu unakaribia, Mwalimu. Safari hii namlinda. Akiokota nipo, akikaanga nipo. Tumbo hili halitanipita kama lile la kwanza."

"Georgina, una hakika gani kwamba alikula?"

"Hakika?" Akanishangaa. "Waitu, si wewe uliyetuandikia?"

Alipokwenda nilimwambia Theopista kwamba yule ni mwanamke mwenye roho ya jiwe. Theopista akachukua ungo wake, akatoka.

Ijumaa, 5 Novemba

Senene wameanguka. Alfajiri rweya yote, mbuga yetu ya majani, ilikuwa ya kijani inayotembea. Hata vijana waliotakiwa shamba la ujamaa wamechelewa, na balozi wetu wa nyumba kumi hakuwakaripia kwa sababu naye alikuwa amebeba debe.

Jumatatu, 8 Novemba

Leo kumetokea jambo la aibu huko rweya, na Theopista amenisimulia huku akipumua kwa nguvu.

Wanawake walikuwa wameinama kwenye majani yenye umande, kila mmoja na kapu lake. Georgina alikuwa hatua mbili nyuma ya Jovita kama askari nyuma ya mahabusu. Jovita akainua mkono kufuta mvua usoni. Georgina akaudaka.

"Fungua mdomo!"

"Mawe," Jovita akamwita mama mkwe wake, "ninafuta uso."

"Fungua nikuone!"

Jovita akafungua. Mjamzito, mtu mzima, mbele ya wanawake wenzake na watoto wao, alifungua mdomo kama mbuzi wa mnadani. Georgina akachungulia. Hakukuwa na kitu. Lakini akachomoa bawa moja la senene lililonasa kwenye kilemba cha Jovita, akalinyanyua juu.

"Na hili limetoka wapi?"

"Wenzake walisemaje?" nikauliza.

"Waliokota senene."

"Na wewe?"

Theopista akainuka kwenda kutazama bitoke, ndizi za chakula, vilivyokuwa motoni. Vilikuwa bado kabisa kuiva.

Jumapili, 14 Novemba

Nitaandika haya polepole.

Anatory alikuja baada ya misa akiwa na shati jeupe na kitu kilichofungwa ndani ya gazeti. Ni mtu wa miaka thelathini na minne, mchapakazi, hana maneno mengi. Baba yake alimtoa shule kabla hajaijua herufi *m*, na maisha yake yote ametia dole gumba kila alipouza kahawa. Tangu mwaka jana anahudhuria kisomo cha watu wazima kwa Josia, mwalimu kijana wa hapa shuleni. Vitabu vya kisomo vikipungua, Josia huwagawia vya darasa la tatu.

"Tata Mwalimu, leo nataka unisikilize. Nimesoma hadithi nzima, mwanzo hadi mwisho, peke yangu."

Akafungua gazeti. Kilikuwa kitabu changu.

Akaketi kwenye mkeka, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma kwa kuvunja kila neno, kisha akaliunganisha, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Jasho lilimtoka. Alipofika kwenye neno *kisiwa* nilijua ni hadithi ipi. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, "Simama hapo." Lakini ni mara ngapi nimeona mtu mzima akisoma hadithi yake ya kwanza? Nilikuwa mwalimu kwa miaka arobaini. Nilisikiliza sauti, sikusikiliza maneno.

Alipomaliza nilimpigia makofi. "Vizuri sana, Anatory! Hukukosea hata neno moja."

Hakutabasamu.

"Basi ni kweli," akasema.

"Nini?"

"Miaka saba mama ananiambia, nami namjibu kwamba hayo ni maneno ya wanawake wa kisimani. Kumbe yameandikwa."

Nikafungua mdomo, kikohozi kikanikamata. Kilipopita alikuwa amekwisha kunishukuru kwa mikono miwili na kutoka. Ningependa kuandika kwamba kikohozi kilikuwa kirefu. Hakikuwa kirefu. Angenisikia kama ningemwita.

Jumanne, 16 Novemba

Jovita ameondoka. Uamuzi wa Anatory ni huu: akajifungulie kwao Bumbire. Mtoto akizaliwa na kichwa kizuri, atarudi naye. Kikiwa kama cha kwanza, abaki huko huko. Immakulata naye amekwenda. Georgina amesema mama achukue kazi yake yote ya mikono.

Walipita chini ya dirisha langu na mvua, Jovita akiwa na mkoba wa ukindu kichwani. Immakulata hakuwa amefunga kitambaa. Nadhani hakuona tena mtu wa kumfichia kichwa chake.

Jumatano, 17 Novemba

Nimemwita Anatory. Alikuja mara moja, akaketi, akaninyooshea mto mgongoni. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma.

"Anatory, yule mwanamke wa kitabuni nilimtunga mimi."

"Uliandika, Tata."

"Nilitunga. Hakuwahi kuwapo."

"Ulimtoa wapi basi?"

"Hapa." Nikajigusa paji la uso. "Nilitaka watu wacheke."

Alinitazama kwa huruma, kama tunavyomtazama mtoto mwenye homa anayeona paka darini.

"Tata, wewe uliwachapa watu fimbo kwa kubishana na kitabu. Wazee wote wa hapa wanasimulia. Leo kitabu chako kinasema uongo?"

"Kinasema uongo."

"Pumzika, Tata. Mawe Theopista ameniambia usiku hulali."

Akanifunika miguu, akaenda zake. Nilidhani kuungama ni kugumu kwa sababu ya kinywa cha mwenye kosa. Sikujua kwamba inawezekana kuungama na usiaminiwe. Kitabu kimenizidi nguvu na heshima. Mimi ni mzee mwenye maji miguuni.

Jumapili, 21 Novemba

Sikula. Theopista amenuna kwa ajili hiyo.

Ijumaa, 26 Novemba

Lukmani, mchuuzi wa Bukoba mjini anayenunua samaki visiwani, amepita na habari. Amemwona Jovita kwa kaka zake, anaanika dagaa. Nikamwuliza anasemaje.

"Hasemi, mzee. Anaanika tu. Ila yule mtoto aliniuliza kama babake anajua sasa kusoma barua."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sijui. Kwani anajua?"

Anajua, nikamwambia. Anajua kusoma kila kitu.

Jumapili, 28 Novemba

Leo nimecheka. Naweka tarehe kwa wino mzito.

Theopista aliniletea senene wa kukaanga kwenye kisahani, akasimama kando, mikono kiunoni.

"Chumvi imetosha?"

"Imetosha. Kama siku zote."

"Na wewe msomi unadhani mimi najuaje?"

Nikatafuna. Sikuelewa. Akangoja, kama nilivyokuwa nikiwangoja wanafunzi wazito wa hesabu.

"Tangu unioe unakula senene waliokolea chumvi sawasawa. Hujawahi kusema imezidi, hujawahi kusema imepungua. Ulifikiri malaika anashuka jikoni kuonja?"

Nikaweka kisahani chini. "Theopista! Unakula?"

"Naonja."

"Ukiwa na mimba pia?"

"Hasa nikiwa na mimba. Nilikuwa napenda chumvi. Watoto sita nimekuzalia, Mwalimu. Kuna hata mmoja aliyekosa kofia ya kumtosha?"

Hapo ndipo nilipocheka, nikacheka hadi akanishika mabega kuniketisha wima, naye akicheka, machozi yanamtiririka. Pumzi iliporudi nikauliza kama wengine nao wanaonja.

"Nani atakaanga bila kuonja? Kilima chote hiki. Tunaambiana kwamba kuonja si kula."

"Na Georgina?"

"Georgina huonja mpaka mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa akidhani senene hupungua kwa moto."

Kisha kicheko kikaniisha. "Mbona basi mlinyamaza pale rweya? Mbona mlimwacha Jovita aondoke?"

Theopista akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kwa sababu kila mmoja alikuwa anashukuru kwamba si yeye," akasema.

Jumamosi, 4 Desemba

Nimemwomba Theopista amwambie Anatory. Amekataa. Siri si yake peke yake, na atakuwa amewavua nguo wenzake wote mbele ya wanaume. Nikamwambia Jovita alifunguliwa mdomo mbele ya watoto. Akaniambia kwamba alikuwepo, hahitaji kukumbushwa na mtu aliyekuwa kitandani.

Tumelala bila kuzungumza. Tangu tuoane haijatokea zaidi ya mara mbili tatu.

Jumatatu, 6 Desemba

Josia amekuja na furaha yake. Sherehe ya miaka kumi ya uhuru itafanyika uwanja wa shule, viongozi wa chama watatoka Muleba, na mwanafunzi bora wa kisomo atasoma mbele ya watu. Amemchagua Anatory.

"Atasoma nini?"

"Hadithi yako, Mwalimu! Ile ya senene. Ndiyo anayoijua vizuri. Na ni msimu wake."

Nilimsihi ambadilishie. Alisikitika kwa adabu. Programu imeshapelekwa, zimebaki siku tatu, na Anatory hawezi kujifunza nyingine kwa muda huo. "Halafu ni heshima yako, Mwalimu. Watu wanataka kukuona."

Theopista alikuwa anafagia. Aliacha kufagia, kisha akaendelea.

Alhamisi, 9 Desemba

Nimerudi. Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, lakini nikilala kabla ya kuandika, kesho nitadhani nimeota.

Walinibeba kwa machela hadi uwanjani, wakaniweka mbele karibu na meza ya wageni. Bendera, ngoma, kwaya, hotuba. Jua lilitoka baada ya wiki nzima ya mvua. Nyuma ya darasa la kwanza moshi ulipanda. Huko wanawake walikuwa wanapika bitoke, nyama na senene kwa ajili ya meza kuu.

Anatory aliitwa. Alisimama wima, kitabu mikononi, na safari hii hakuvunja maneno. Alisoma kama mtu anayesoma. Watu walimpigia makofi kila ukurasa. Lakini alipofika kwa mwanamke wa kisiwani walianza kucheka, na watoto, bila kuambiwa, wakaimba ule wimbo wangu mwanzo hadi mwisho. Mgeni wa heshima alipiga meza kufuata ngoma yake. Nikaona uso wa Anatory. Hakuwa anacheka. Alikuwa anasoma habari za mke wake mbele ya kijiji kizima, na kila kicheko kilimwingia. Akafika mwisho, akafunga kitabu, akabaki amesimama kama aliyesahau pa kwenda.

Nikainua mkono nipewe nafasi. Josia alidhani nasalimia watu, akawaambia wanipigie makofi.

Wakati huo huo wanawake wakatoka na sinia. Theopista alitangulia, sinia la senene mikononi, la kuweka mbele ya mgeni wa heshima. Akafika mezani. Hakuweka. Akasimama pale ambapo kila mtu alimwona, akachukua senene kwa vidole viwili, akatia mdomoni, akatafuna. Uwanja ulikuwa na watu wapata mia tatu, nami nilisikia alivyotafuna.

"Chumvi imetosha," akasema.

"Mnanikodolea macho ya nini? Mlidhani naijuaje? Nimeonja mwaka huu, nimeonja mwaka jana, nimeonja tangu niwe bibi arusi. Mbele yenu kuna wanangu wawili. Simameni."

Wanangu, watu wenye mvi, wakasimama kama watoto wa shule.

"Geukeni, watu wawaone visogo."

Wakageuka. Mtu mmoja akacheka nyuma, akanyamazishwa.

Mzee mmoja akafoka, "Theopista, unatuaibisha!"

"Nakuaibisha wewe? Muulize mkeo anayekupikia."

Mzee akamgeukia mkewe. Mkewe akatazama juu, kana kwamba anakadiria mvua. Hapo kicheko kikaanza upande wa wanawake. Kilianza kidogo, nyuma ya vitenge walivyojizibia midomo, kikakua, kikavuka uwanja. Mmoja akapaza sauti: "Mimi huonja mara tatu!" Mwingine: "Mimi wangu hapendi chumvi, lakini naonja!" Waume walikuwa wanageuka huku na huku. Nimehudhuria mikutano mingi ya chama na ya kanisa, sijapata kuona mkutano unaopinduka namna hiyo.

Anatory hakucheka. Alishuka, akapita katikati ya watu hadi alipokuwa mama yake na sinia lake la nyama.

"Mawe," akasema. "Na wewe?"

Georgina alikuwa amekauka. Nilitazamia ile sauti yake ya kengele. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo mno.

"Nani atakaanga bila kuonja, mwanangu."

"Nilipokuwa tumboni?"

Akaweka sinia chini, akanyanyua mkono, akakishika kichwa cha mwanawe, mwanaume wa miaka thelathini na minne, akakipapasa kuanzia utosini hadi kisogoni, polepole, kama anavyopapasa mkunga.

Nami nilisema, kwa nguvu yote niliyobaki nayo, "Mwanamke wa kisiwani nilimtunga mimi!" Kwa kelele zile, nadhani alinisikia mtu mmoja tu, mgeni wa heshima, naye akaitikia, "Kazi nzuri sana, mzee."

Ijumaa, 10 Desemba

Anatory ameondoka alfajiri kuelekea mwaloni, kwenye mitumbwi ya visiwani. Hajaaga mtu.

Jumapili, 12 Desemba

Georgina amekuja na kikapu cha ndizi. Akakiweka chini, akaketi. Kisha akaniambia kwamba Immakulata alipozaliwa ni yeye aliyempokea mikononi. Aliona kichwa, akafikiri: ni kile nilichokula mimi nikiwa na mimba ya Anatory, kilimruka mwanangu, kimemwangukia mjukuu. Miaka saba amelala na hofu hiyo. Akamwelekezea Jovita kidole kabla mtu hajamwelekezea yeye.

"Kitabu chako kilinisaidia, Mwalimu," akasema. "Kilisema kisiwani. Nikapata pumzi."

Oktoba niliandika kwamba ana roho ya jiwe. Sikufuta, lakini si kweli. Alikuwa mtu aliyeogopa, nami ndiye niliyemwonyesha mahali pa kuitupa hofu yake.

Alhamisi, 16 Desemba

Wamerudi, wote watatu. Jovita alikaa siku mbili akimtafakari mumewe kabla ya kukubali kupanda mtumbwi, na nimesikia kaka zake walimpa Anatory kazi ya kuparua samaki muda wote huo, samaki wengi kuliko ilivyohitajika.

Leo jioni Jovita amekuja kuniona. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikayasahau. Nikamwambia wazi: hadithi ile, kisiwa kile, wimbo ule, vyote vilitoka kwangu, nilikuwa sijawahi hata kufika Bumbire, nisamehe.

Alisikiliza hadi mwisho, mkono juu ya tumbo.

"Tuliisoma na sisi shuleni kule," akasema. "Darasa la tatu. Tulicheka sana."

"Mlicheka?"

"Tulidhani ni mwanamke wa kisiwa kingine."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Akasema kwamba kusamehe atajaribu, ila si leo, kwa sababu leo mgongo unamwuma na hana nafasi. Nikamwambia ninangoja, ila asichelewe sana. Hapo akatabasamu.

Alipofika mlangoni akageuka. "Halafu, Mwalimu, mimi sijawahi kuwala. Siwapendi. Hata harufu inanichefua. Na sasa tangu nirudi kila nyumba ninayoingia wananisukumia sahani: kula, Jovita, kula, uko huru! Waambie waniache."

Jumatatu, 20 Desemba

Nimempa Josia hadithi iliyosahihishwa. Mwanamke amekuwa tena hana kwao, kama bibi yangu alivyomwacha, na mwisho wake anaulizwa kama chumvi imetosha. Josia ataibandika juu ya kurasa za zamani katika vitabu vyote vya shule, kwa gundi ya muhogo. Vitabu vilivyoko shule nyingine sijui. Ni vingi, na siku zangu si nyingi.

Watoto wamepita wakiimba. Immakulata alikuwa kwenye mpaka wetu, kichwa wazi, anakata majani ya mbuzi. Akawaacha wamalize.

"Na mama yako je?" akamwuliza kiongozi wao.

"Mama yangu hali!"

"Nimeambiwa mama yako mwenyewe alisema uwanjani huonja mara tatu."

Wakaanza kubishana wao kwa wao mama wa nani huonja zaidi. Waliondoka bado wanabishana.

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Padre alinijia. Sikuungama hadithi tena.

Jumapili, 2 Januari 1972

Siwezi kukaa wima kwa muda mrefu, nitaandika machache.

Kulipopambazuka tulisikia kilio cha mtoto mchanga ng'ambo ya migomba, cha nguvu. Theopista aliruka kitandani, akafunga kitenge, akakimbia. Nikabaki peke yangu, nikisikiliza. Baadaye Anatory alisimama mlangoni, shati halijafungwa vifungo, miguu yote ina matope.

"Tata Mwalimu, nimepata mtoto wa kike. Jovita ni mzima. Mawe yupo naye, anamkanda mgongo."

"Mungu ashukuriwe," nikasema.

Kisha, baada ya yote hayo, mimi niliyeandika, niliyeungama, niliyebebwa kwa machela, nikasikia ulimi wangu ukiuliza:

"Na kichwa je?"

Anatory alinitazama. Kisha akacheka, kwa sauti kubwa, kama sijawahi kumsikia akicheka.

"Kipo, Tata," akasema. "Kipo."

Akaenda kuwaamsha wengine.